Hakuna stoo ya ubongo: hadithi ya "asilimia 10" na gharama yake

Mara ya mwisho uliisikia wapi? Kwenye semina ya ujasiriamali, kwenye klipu ya WhatsApp yenye kinanda cha taratibu kwa nyuma, au kwa mwalimu aliyetaka kuwapa moyo wanafunzi kabla ya mtihani wa taifa? Maneno hubadilika kidogo, lakini wimbo ni uleule: binadamu wa kawaida anatumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Ukiamsha hizo 90 zilizolala, hakuna kitakachokushinda.

Ni habari tamu, kwa kweli. Inakwambia kwamba hata kama mambo yamekuwa magumu, kuna stoo kubwa kichwani mwako ambayo hujawahi kuifungua. Sinema nazo zimeichangamkia. Kwenye *Lucy* ya mwaka 2014, Scarlett Johansson anapanda kutoka asilimia 10 hadi 100, na akifika huko anafanya mambo ambayo hata majini wangeshangaa.

Tatizo ni moja tu: si kweli. Stoo hiyo haipo. Ubongo wako unautumia wote, leo, sasa hivi unaposoma sentensi hii, na usiku utaendelea kuutumia ukiwa umelala.

Na usidhani wanaodanganyika ni watu ambao hawakwenda shule. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliowahoji walimu wa Uingereza na Uholanzi, tena walimu wenye hamu ya kujua sayansi ya ubongo. Karibu nusu yao walikubali kwamba tunatumia asilimia 10 tu. Kwa hiyo kama na wewe uliwahi kuamini, karibu, uko kwenye kundi kubwa lenye watu wenye digrii zao.

Akili ilipogeuzwa kuwa ubongo

Hakuna maabara iliyowahi kupima ubongo ikapata jibu la 10. Namba hii haina baba. Tunachoweza kufuatilia ni njia iliyopita.

Mwaka 1907, William James, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefundisha Harvard, alichapisha insha akisema kwamba watu wengi hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wao wa akili na wa mwili. Hakutaja asilimia. Wala hakuwa anazungumzia kiungo kilichomo ndani ya fuvu. Alikuwa anazungumzia jambo ambalo kila mzazi na kila kocha analijua: mtu akipata msukumo, hufanya zaidi ya alivyodhani.

Mwaka 1936 kikatoka kitabu cha Dale Carnegie cha namna ya kupata marafiki na kuwashawishi watu, kitabu ambacho mpaka leo utakikuta kwa wauza vitabu wa barabarani. Utangulizi wake uliandikwa na mwanahabari Lowell Thomas. Humo Thomas akamsemea James kwamba mtu wa kawaida hukuza asilimia 10 tu ya uwezo wa akili alionao. James alikuwa amefariki tangu 1910, hakuweza kukanusha. Namba ikapachikwa jina lake hivyo, kitabu kikauzwa kwa mamilioni, na namba ikasafiri nacho.

Sasa angalia kilichofuata njiani. "Uwezo wa akili" uligeuka kuwa "ubongo". Sisi tunaozungumza Kiswahili tungeweza kuushtukia mchezo huu mapema, maana tuna maneno mawili na tunajua tofauti yake. Ubongo ni kiungo. Unaweza kuuweka kwenye mizani ukapata kama kilo 1.4. Akili ni kile unachokifanya nao. Ukisema "Juma hatumii akili", humaanishi kwamba kuna kipande cha nyama kimezimwa kichwani mwa Juma. Unamaanisha Juma anafanya mambo bila kufikiri. Ubongo wake wote unafanya kazi vizuri kabisa, ila ndiyo huo unaomfanyisha upuuzi.

Kulikuwa na chanzo kingine, cha maabara. Kuanzia karne ya 19, watafiti waligusa ubongo wa wanyama kwa umeme mdogo ili waone kitatokea nini. Wakigusa hapa, mguu unaruka. Wakigusa pale, kimya. Sehemu zilizokaa kimya zilikuwa nyingi, na wengine wakadhani hazina kazi. Baadaye ikajulikana kwamba sehemu hizo, hasa za mbele ya ubongo, ndizo zinazohusika na kupanga, kujizuia, kupima faida na hasara. Bila shaka mguu hauruki! Umeshawahi kuona mtu anapanga bajeti ya mwezi mguu ukaruka?

Halafu kuna hesabu ya seli. Vitabu vingi viliandika kwamba seli za neva ni moja tu kwa kila seli kumi za ubongo, na zile tisa ni seli saidizi, ziitwazo glia. Baadhi ya watu wakasikia "moja kwa kumi" wakamalizia wenyewe. Ila hata hesabu yenyewe ilikuwa mbovu. Suzana Herculano-Houzel wa Brazil na wenzake walibuni njia ambayo ukiisikia unaweza kudhani ni utani: waliusaga ubongo ukawa kama supu, wakachanganya vizuri, wakachukua kiasi kidogo na kuhesabu viini vya seli. Matokeo waliyochapisha mwaka 2009: seli za neva takriban bilioni 86, na seli nyingine karibu bilioni 85. Nusu kwa nusu. Na hizo glia nazo hazijakaa bure. Zinalisha seli za neva, zinasafisha, zinalinda.

Kama asilimia 90 imelala, mbona kila kidonda kinauma?

Tuwe waadilifu, tujaribu kuiamini hadithi hii kwa dakika moja. Kama sehemu tisa kati ya kumi za ubongo hazitumiki, basi majeraha mengi ya ubongo yangeangukia mahali patupu. Mtu angeumia, akafungwa bandeji, akarudi kazini kana kwamba hakuna kitu.

Hospitalini hawaoni hivyo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa anaelewa anachoambiwa, lakini yeye mwenyewe aliweza kutamka silabi moja tu: "tan". Alipofariki, Broca alikuta sehemu iliyoharibika mbele, upande wa kushoto wa ubongo. Ubongo uliobaki ulikuwepo, ila haukuweza kumrudishia maneno. Kabla ya hapo, mwaka 1848, msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani, aitwaye Phineas Gage alipitiwa kichwani na chuma cha urefu wa mita 1.1. Alipona, akaishi miaka mingine 11 na zaidi. Lakini daktari wake aliandika kwamba tabia ilibadilika kiasi kwamba marafiki walisema huyu si Gage yule.

Tusogee karibu. Watafiti waliowafuatilia watoto waliolazwa Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa malaria ya ubongo walichapisha matokeo mwaka 2008: miaka miwili baada ya kupona, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Hawa ni watoto waliopona. Homa imekwisha, wametoka wodini, wanacheza mpira. Lakini darasani kuna kitu kimepungua. Kama kungekuwa na asilimia 90 za akiba, zingefaa zitumike kwa nani kama si kwa watoto hawa?

Ubongo wenyewe nao hauruhusu sehemu ikae bure. Kwa watu waliokuwa vipofu tangu utotoni, ile sehemu ya nyuma ya ubongo ambayo kwa kawaida hushughulikia kuona haikai ikisubiri. Utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba inafanya kazi pale wanaposoma maandishi ya nukta nundu kwa vidole. Ni kama shamba: usipolilima, jirani anasogeza mpaka.

Nani anakula chakula chote hiki?

Ushahidi mwingine uko kwenye sahani yako. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mwili ukiwa umepumzika, ubongo unatumia kama asilimia 20 ya nishati. Kwa mtoto wa karibu miaka mitano ni zaidi: ubongo wake unachukua zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote anayotumia kwa siku. Watafiti wanaona hiyo ni sababu moja inayofanya mwili wa mtoto ukue polepole katika umri huo. Chakula kinakwenda juu kwanza.

Sasa fikiria biashara gani duniani ingelipa kodi ya jengo la ghorofa kumi, ikatumia ghorofa moja, ikaendelea hivyo kwa mamia ya maelfu ya miaka? Kichwa kikubwa kinafanya uzazi wa binadamu kuwa mgumu na wa hatari. Kinadai damu, sukari na oksijeni bila kupumzika. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, seli zinaanza kufa. Kiungo cha gharama namna hiyo kisingedumu kama sehemu kubwa yake ingekuwa mapambo.

"Lakini mbona picha za ubongo zinaonyesha doa moja jekundu tu, kwingine kumekuwa kijivu?" Swali zuri, na linawachanganya wengi. Mashine ya MRI haipigi picha ya "sehemu inayotumika". Kompyuta inalinganisha hali mbili, kwa mfano unaposikiliza hadithi na unapolala tu kimya, kisha inapaka rangi mahali palipoonyesha *tofauti*. Kijivu maana yake ni kwamba kazi pale haikubadilika. Ni kama kupima kelele za Kariakoo kabla na baada ya lori moja kupiga honi: ukipaka rangi tofauti tu, utaona honi peke yake, halafu mtu wa mbali atadhani soko lilikuwa kimya.

Na usingizini? Hakuna kufunga ofisi. Katika hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, shughuli za ubongo hufanana sana na za mtu aliye macho.

Kuna kipande cha ukweli, tukiseme

Wapo watakaobisha hivi: "Sawa, lakini si kweli kwamba seli zote haziwaki kwa wakati mmoja?" Ndiyo, ni kweli kabisa. Mwaka 2003 Peter Lennie alipiga hesabu ya nishati inayotumika seli moja inapotuma ishara, akaona kwamba gamba la nje la ubongo haliwezi kumudu zaidi ya kama asilimia 1 ya seli zake zikiwa kwenye kazi nzito kwa wakati mmoja. Asilimia 1! Ndogo hata kuliko ile ya hadithi.

Lakini chukua simu yako uandike "nakuja". Unagusa herufi moja, halafu nyingine. Kwa nukta yoyote ya muda, umegusa kitufe kimoja kati ya thelathini hivi. Je, tuseme unatumia asilimia 3 ya kibodi na vitufe vingine vimelala? Hapana. Ujumbe unapatikana *kwa sababu* unachagua kipi ugonge na kipi uache. Ukivibonyeza vyote kwa pamoja hupati ujumbe mkali zaidi, unapata takataka.

Na ubongo una hali inayokaribia hiyo ya kubonyeza vyote kwa pamoja. Kundi kubwa la seli za neva likianza kuwaka kwa wakati mmoja bila mpangilio, mtu hapati nguvu za ajabu kama kwenye sinema. Anaanguka degedege. Hicho ndicho kinachotokea katika kifafa. (Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari karibu naye, na tafadhali usimtie kijiko mdomoni. Haiambukizi.)

Hoja nyingine ni ya watu wanaoishi na nusu ya ubongo. Wapo kweli. Kuna watoto wenye kifafa kikali kisichosikia dawa ambao madaktari hulazimika kuondoa au kutenga upande mmoja wa ubongo wao. Wengi hutembea, huongea, huenda shule, na ni jambo la kustaajabisha. Ila soma mpaka mwisho wa ripoti: mkono wa upande wa pili kwa kawaida hupoteza ule uwezo wa kazi ndogondogo za vidole, na macho hupoteza nusu ya eneo la kuona. Tena hufanikiwa zaidi kwa mtoto mdogo ambaye ubongo wake bado unajipanga. Hiyo si stoo iliyofunguliwa. Ni wafanyakazi waliobaki wanaogawana kazi za wenzao waliondoka, na zipo kazi zinazobaki bila mtu.

Kwani inamdhuru nani?

Hapa ndipo tunapoulizwa: jamani, si ni maneno ya kutia moyo tu, mnabisha nini?

Tunabisha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa. Mtu akishakuuzia imani kwamba asilimia 90 imelala, hatua inayofuata ni kukuuzia cha kuiamsha: kozi ya siku mbili, vidonge, matone, sauti za kusikiliza usiku. Wateja wakubwa ni wazazi wenye mtoto wa kidato cha nne ambaye hafanyi vizuri, na mzazi mwenye hofu halalamikii bei. Pesa hiyo ingenunua mayai, miwani kwa mtoto asiyeona ubaoni, au vitabu.

Ya pili ni kubwa zaidi. Anayeamini ana akiba hana sababu ya kuogopa kupoteza. Na kupoteza kupo kila siku. Katika kiharusi cha kawaida kinachotokana na mshipa mkubwa kuziba, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanasema mgonjwa asiyetibiwa hupoteza takriban seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Kila dakika. Kwa hiyo uso wa mtu ukipinda ghafla upande mmoja, mkono ukilegea, ulimi ukawa mzito, usingoje aamke kesho aone kama imepita. Usianze na kumkanda wala kutafuta nani kamroga. Mpeleke hospitali yenye kipimo cha CT saa hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana na inapomfaa mgonjwa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika iliyopotea njiani imeshachukua seli zake.

Bodaboda nayo ni hivyohivyo. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini wangapi tunaona kofia imening'inizwa kwenye usukani, abiria hana, "tunafika hapo tu"? Kinacholindwa na ile kofia hakina kipande cha akiba.

Basi hatuwezi kuongeza chochote?

Tunaweza, na hapa William James alikuwa na haki kwa namna yake. Uwezo unakua. Haukui kwa kufungua chumba kilichofungwa, unakua kwa kubadilisha viungio kati ya seli ambazo tayari ziko kazini. Mwaka 2000, watafiti wa London walipima ubongo wa madereva teksi wa jiji hilo, ambao hukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayosaidia kukumbuka njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Ila sehemu ya mbele ya hipokampasi hiyohiyo ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao. Hata huko, nafasi ya bure haikuonekana.

Kwa mwanafunzi, mambo yaliyothibitishwa hayana mvuto wa klipu za WhatsApp. Funga daftari ujiulize maswali, badala ya kulisoma kwa mara ya tano. Gawa masomo kwa siku kadhaa. Lala vya kutosha, kwa sababu usiku ubongo unapanga ulichojifunza. Kula. Weka mtoto kwenye chandarua.

Dar es Salaam inaitwa Bongo kwa sababu, wanasema, ukitaka kuishi pale lazima utumie ubongo. Hakuna aliyewahi kusema asilimia 10 inatosha. Siku nyingine mtu akikuletea semina ya kuamsha asilimia 90, muulize swali moja tu kabla hujatoa nauli: ni sehemu gani hiyo iliyolala? Aionyeshe kwenye picha kwa kidole. Popote atakapoweka kidole, ipo wodi yenye mgonjwa aliyeumia hapohapo, na ndugu zake wanajua kazi yake ilikuwa nini.